Mbwa Doria na Maji ya Mbele

Mbwa Doria aliswaga ng'ombe bila fimbo. Fimbo yake ilikuwa neno moja tu: "Mbele kuna maji." Huko mbele kulikuwa na mnada na wachinjaji, ila hilo alilimeza. Ng'ombe, ndimi nje kwa kiu, wakamfuata.

Walipofika kwenye mto uliokauka, Doria akaona mchanga unametameta.

"Dhahabu!" akasema. "Ngojeni hapa."

"Tutakufa kiu, mwanangu," akasema Nyange, ng'ombe mkongwe kuliko wote.

"Mwenye haraka atangulie, bibi."

Akachimba. Kina kilipomfika kifuani, maji yakabubujika. "Mkosi gani huu!" akafoka, maana shimo likishajaa maji halichimbiki tena. Akaliacha, akaanza jingine. Nalo likatoa maji. Akatukana, akahamia la tatu, wala hakugeuka kutazama nani anainamia mashimo aliyoyaacha.

Jua likielekea kuzama akapata punje moja, ndogo kuliko viroboto wake. Akaificha chini ya ulimi, akaligeukia kundi.

"Haya, inukeni! Mbele kuna maji!"

Ng'ombe walikuwa wamejilaza kando ya mashimo, matumbo yamejaa, wanacheua. Hakuna aliyeinuka. Doria akabweka hadi sauti ikamkauka, na punje ikamponyoka kinywani, ikapotelea topeni.

Nyange akajilamba matone puani.

"Mwenye haraka atangulie, mwanangu," akasema. "Mbele kuna maji."