Haki ya Mtani

Mwanamke aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama sawasawa, akajishika kiuno, akauliza kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Nani kamruhusu Chenge afe?"

Wafiwa, waliokuwa wamelia tangu juzi, wakaangua kicheko. Hata Shimba, mdogo wa marehemu na msimamizi wa mazishi, mtu asiyecheka bila kibali, alijikuta anatabasamu. Afadhali, mtani amefika. Josephat, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu kwenye kiwanda cha samaki huko Nyakato, alikuwa ameahidi kumtafuta mjini mtani wa Kizaramo, maana mazishi bila mtani ni mboga bila chumvi.

Lakini kilichomnyima Shimba usingizi si kifo peke yake. Ni Odeta.

Miaka tisa kaka yake alikaa na huyo Odeta chumba kimoja Nyakato, bila ng'ombe, bila padri. Shimba hakuwahi kukanyaga pale. Hata sura ya mwanamke mwenyewe hakuijua, na alijivunia kutoijua. Mwili aliuchukua hospitali kwa mikono yake, akauleta moja kwa moja nyumbani Usagara.

Josephat alikuwa amejaribu kumsihi. "Yule mama alimpenda, Shimba. Mwache aje amzike."

"Alipendwa kwa ng'ombe wangapi? Yale hayakuwa mapenzi, Josephat. Kule ni kupanga chumba."

Akaweka binamu zake wawili pale njia inapoingilia. "Mtamjua kwa machozi," aliwaambia. "Mwanamke mgeni atakayelia kuwashinda dada zetu, ndiye. Mtoeni."

Mtani, yeye, hakuwa hata na dalili ya chozi. Aliiga mwendo wa marehemu, bega moja chini kama mtu aliyebeba gunia lisiloonekana, dada za Chenge wakacheka hadi wakashikana.

"Kabla ya samaki, kiwanda cha nguo kilimpunguza," alipaza sauti, "na ninyi leo mnampunguza duniani. Tena bila kiinua mgongo!"

Kaburini alitangulia yeye, akachungulia shimo.

"Mmechimba mbali na nyumba. Hapo mmetumia akili, huyu anakoroma!"

Shimba alicheka mpaka akakohoa. Kweli kabisa, tangu utotoni.

Kabla hajamaliza kukohoa, mwanamke alishaingia shimoni, akajilaza chali, kisha akajisogeza ubavuni. "Hapa tunaenea wawili. Ila mwambieni asinivute shuka."

Katekista akajifanya anatafuta ukurasa.

"Toka basi, mtani," Shimba akasema. "Jua linatuacha."

"Litangulie. Mimi sitoki bila haki yangu."

Wakamletea kuku. Akamtazama.

"Huyu mwenyewe ana msiba. Mrudisheni. Nataka koti lake Chenge."

Lilikuwa koti la mtumba, la kahawia, limechanika kiwiko kimoja na kushonwa kwa uzi wa bluu. Lilikuja na mwili kutoka hospitali. Hakuna ndugu aliyelitamani.

"Mpeni," Shimba akaamuru. "Mtani ana haki yake. Hapa leo hakuna mwenye haki kumpita."

"Rudia," mwanamke akasema kutoka shimoni. "Walioko nyuma hawajasikia."

Shimba, kwa raha zake, akarudia kwa sauti kubwa zaidi: "Hakuna mwenye haki hapa kumpita huyu!"

Watu wakapiga makofi. Mwanamke akatoka, akavaa koti, mikono ikamfunika hadi vidoleni. Jeneza liliposhushwa hakumngoja mtu. Udongo wa kwanza aliutupa yeye.

"Nenda, mzembe wewe," akasema. "Na usifunge mlango."

Mara hii waliocheka walikuwa wachache. Wafanyakazi wa kiwandani waliokuja na lori walikuwa wanatazama viatu vyao.

Watu walipoanza kutawanyika, Shimba alimvuta Josephat pembeni. Macho ya Josephat yalikuwa yamevimba.

"Umeona? Mwanamke wenu hakuthubutu kuja. Ndiyo mapenzi hayo?"

"Unamwona mgeni yeyote anayelia?"

"Simwoni."

"Basi, ndugu yangu. Umeshinda." Josephat akampa mkono, akaenda kudandia lori.

Lori lilikuwa linajikokota kuelekea barabarani, vumbi limeanza kutua juu ya taji za maua, mzee mmoja mwenye kanzu alipoingia uwanjani akikokota baiskeli. Alipoona kaburi limeshafukiwa alisimama, mdomo wazi.

"Shikamoo, mzee," Shimba akamsalimu.

"Marahaba. Mbona mmeshamzika? Josephat kaniambia saa kumi na moja!"

"Wewe ni nani, baba?"

"Mimi Salum. Mzaramo, mtani wenu." Mzee akakunja mikono ya kanzu, tayari kwa kazi. "Haya, haki yangu iko wapi?"

Shimba akageuka. Juu ya lori, kati ya wafanyakazi waliomzunguka kama ukuta, mwanamke alikuwa ameuzika uso wake kwenye ile mikono mirefu ya koti, na kilio chake kilikuwa kinaushinda mngurumo wa injini.