Bango la Sadala

Katika klabu ile, wachezaji huingia uwanjani kwa kupasua bango la karatasi. Ndiyo desturi ya mpira wao, ule wenye umbo la yai. Jumamosi timu ya wanawake ilifika mbele ya bango, ikasoma jina la Sadala, ikapita pembeni bila kulipasua. Jumapili ilibaki mechi moja tu, ya timu aliyokuwa akiichezea Sadala mpaka wiki ile walipomzika.

Mama yake, Mwanaidi, alishika mlingoti wa kushoto wa bango lile lile. Mumewe alishika wa kulia. Vijana wakaja mbio, wakasimama ghafla.

"Mnaogopa karatasi?" shabiki wa wageni alipiga kelele. "Tuwaletee mkasi?" Wenzake wakamnyamazisha.

"Pasueni, wanangu," Mwanaidi alisema.

Kibwana, nahodha, aliinamisha kichwa. "Mama, jina lake hili. Tutalikanyagaje?"

"Mbona yeye alipasua mengi, tena akicheka? Nikirudi nalo nyumbani nitaliweka wapi, Kibwana? Kitandani kwake?"

Kibwana alifuta macho kwa mkono wa jezi. "Utusamehe, mama." Akapita pembeni, na wote wakamfuata.

Filimbi ikalia. Mwanaidi hakumlaumu mtu. Alianza kuviringisha karatasi kutoka upande wake, na mumewe kutoka wa kwake, wakisogeleana taratibu mpaka jina peke yake likabaki wazi katikati yao, upana wa mto wa kulalia, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzungusha tena.