Shahidi wa Kifo

"Baba yako alikufa miaka mitatu kabla hujazaliwa, bibi," karani wa nyaraka alisema, akiligonga daftari la vifo la wakoloni. "Siwezi kukuandika kuwa mwanawe."

"Kwa hiyo mimi niliokotwa jalalani, kama wasemavyo watoto wa baba mdogo?" bibi aliuliza.

Alikuwa amekuja na mjukuu wake. Kwao walimwita Kimya kwa haya alizokuwa nazo. Alikuwa ameinamia kadi ya kazi za shuruti ya baba yake bibi. Wino wa dole gumba ulikuwa umefifia, lakini kovu lilionekana bado, limelikata dole mshazari kama ufa wa chungu.

Akaligeukia daftari. Chini ya jina la marehemu, shahidi aliyeleta habari za msiba alikuwa ameweka dole lake. Lilikuwa na kovu lile lile, mshazari ule ule.

Kimya aliisogeza kadi ikagusana na daftari.

"Tazama, kaka. Marehemu alikuja mwenyewe kutoa taarifa ya kifo chake."

Karani alivaa miwani. Akatazama huku, akatazama kule.

Bibi aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. "Baba weee! Kumbe uliwatoroka ukiwa maiti!"

"Lakini hili ni daftari la serikali," karani alisema, akinyoosha mkono alifunge.

Kimya aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Serikali hiyo ilidanganywa, na aliyeidanganya ni mzee wetu. Wewe shika kalamu, uandike kweli."