Theluji ya Mapema

Redio ilitangaza kwamba theluji ingeanguka kwenye milima ya Maluti kabla ya jioni, wiki tatu mapema kuliko kawaida. Nthatisi akashusha mkasi. Mbuzi ishirini walikuwa wameshanyolewa manyoya, na zizi halikuwa na paa.

"Mama, tuwaingize chumbani mwako. Ndicho chumba kikubwa."

"Nilale na mbuzi kwa maneno ya redio?" mama mkwe akacheka. "Mwaka jana walisema hivyo hivyo, tukaota jua. Wewe nyoa tu."

"Basi mguse huyu."

Mama mkwe akaweka kiganja ubavuni mwa mbuzi. Ngozi tupu ilikuwa imesisimka kwa baridi, na moyo ulidunda mbiombio chini ya vidole vyake. Hakuuondoa mkono kwa muda mrefu.

Kisha akaingia ndani. Nthatisi akasikia kitanda kikiburutwa.