Sema Rangi!

"Sema rangi!"

"Nyekundu, tata."

"Minasikia mbu ao mutu? Sema kwa nguvu!"

"Nyekundu!" Huguette akapaza sauti mpaka wanawake waliokuwa wakiosha chupa chumba cha pili wakaanza kucheka.

Tata Mwenze hakucheka. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye koki ya bomba la kioo, na uso ameugeuzia dirishani, kana kwamba kazi yenyewe haistahili macho yake. Matone yaliendelea kudondoka, moja moja, ndani ya chupa iliyokuwa chini ya bomba.

"Nyekundu... bado nyekundu... kijani, tata! Imegeuka!"

Hapo akafunga koki, akasoma namba, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri, mwandiko wa mtu anayejipenda.

Ndiyo kazi ya labo ile, katika kiwanda cha shaba nje kidogo ya Kolwezi. Maji ya shaba yanaletwa kutoka kwenye matangi, yanatiwa dawa yanakuwa mekundu, kisha unayadondoshea mpaka yageuke kijani, ujue yana asidi kiasi gani. Ukipitisha hata matone machache, hesabu imeharibika na tangi zima linarudishwa. Mwenze aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane. Stajeri wote, vijana wa kujifunza kazi, waliopita mikononi mwake alikuwa akiwapigisha kelele vile vile, kama wauza maji sokoni.

"Tata, leo mi naweza kushika koki mwenyewe?" Huguette aliwahi kumwuliza.

"Na huo mukono ya jembe? Kwenu Sandoa munalimaka muhogo, siyo? Rudia kulima. Diplomi mukubwa, kichwa tupu!"

Jina lake hakulitaja hata siku moja. Alikuwa "stajeri" tu, basi.

Naye Huguette alimdharau kwa moyo wake wote. Mvivu yule! Siku moja Huguette alipolala na malaria nyumbani kwa shangazi yake kule Manika, kesho yake akasikia kwamba Mwenze naye siku ile ile alishikwa na kichwa saa mbili asubuhi, akarudi kwake. Bila stajeri wa kumtuma, hafanyi kitu! Hata akinunua nyanya pale getini, alimwambia muuzaji amchagulie zilizoiva, yeye amesimama tu, mikono mifukoni, bwana mkubwa. Na jinsi alivyowaka siku ile Huguette alipopanga vibandiko vyote kwenye droo moja, vya kijani vya mzigo uliofaulu na vyekundu vya mzigo uliokataliwa!

"Nani amekutuma kuchanganya? Kijani kuume, nyekundu kushoto! Umeniharibia nyumba!" Alipiga meza hadi kalamu zikaruka.

"Nyani haoni kundule," Huguette alimwambia Mignonne, mmoja wa waosha chupa. "Hajui kitu yule. Kinywa tu."

Yote hayo angeyavumilia, kama si karatasi. Ili Huguette aajiriwe ilitakiwa sahihi ya Mwenze, na mara mbili nzima aliandika maneno yale yale: "Hafai kuachwa peke yake. Aongezewe miezi mitatu." Sasa ikaja ya tatu, na maneno ni yale yale, mwandiko ule ule mzuri. Shangazi naye alikuwa amekwisha kusema: safari hii karatasi isiposainiwa, mtoto apande lori arudi Sandoa kwa mama yake, maana miezi tisa ya kusoma kazi moja haijapata kusikika.

Huguette alilia chooni, akanawa uso, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wa labo, Madame Josée.

"Shefu, unipime. Mbele yako. Nikikosa, mi narudia kwetu leo leo."

Madame Josée hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaja na maji ya tangi moja, akayagawa katika chupa mbili, akaziweka kwenye meza moja, hii ya Huguette, hii ya Mwenze.

"Kila mutu na yake. Na hakuna kufungua kinywa, ili mutu asimusaidie mwenzake."

Mwenze alibadilika uso. "Shefu! Miaka kumi na minane! Unanipima pamoja na stajeri?"

"Si wewe unapimwa, tata. Yako ni ya kulinganisha tu."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu, akavaa miwani yake, akavua, akavaa tena. Huguette aliona kiburi. Leo utajua, alisema moyoni.

Madame Josée akasimama mlangoni, mikono kifuani. Koki zikafunguliwa.

Huguette hakuwa na haraka. Nyekundu. Nyekundu. Mkono wake wa jembe uliilegeza koki tone kwa tone. Tone moja likaingia, likazunguka, na maji yote yakageuka kijani. Akafunga. Akaandika namba yake, akaweka kalamu chini, kisha akageuka taratibu kumtazama mzee, na dharau ya miezi tisa imemjaa usoni.

Chupa ya Mwenze ilikuwa imegeuka kijani zamani, kijani cha majani ya muhogo, na matone bado yanadondoka. Leo hakutazama dirishani. Alikuwa ameinama hadi pua yake karibu iguse kioo, jasho linamtiririka shingoni. Huguette nusura acheke.

Mara midomo ya mzee ikacheza, sauti ikatoka chini chini, Madame Josée asisikie.

"Mama Huguette," alinong'ona, "nihurumie. Sema rangi."