Samaki Wasioogopa

Tangu dawa ya utulivu iwekwe kwenye maji ya bomba, Namsifu alikunywa maji ya mvua tu. Katika maabara alikofanya kazi, samaki wadogo waliopewa dawa hiyo walimfuata kambare mpaka mdomoni, naye akawameza. Mkurugenzi wake, mpumbavu mwenye tai, aliita hali hiyo furaha.

Jioni moja Namsifu alikuta tingatinga likibomoa nyumba yake, na mumewe Elinazi akiwamiminia wabomoaji chai.

"Zezeta wewe! Hiyo si nyumba yetu?"

"Wanafanya kazi nzuri, mke wangu," alijibu akitabasamu.

Namsifu akapiga mayowe. Majirani walitoka, wakamtazama kwa huruma. Binti yake akamletea kikombe cha maji ya bomba.

"Kunywa, mama. Unatutia aibu."