Mwanamume Ndani ya Simu

Mama mmoja ambaye Shiru hakuwahi kumwona aliingia kibandani, akaweka simu juu ya meza, kioo kikiangalia chini, kisha akaifunika kwa leso.

"Kuna mwanamume humo ndani," akasema. "Sitaki anione."

Ilikuwa saa tisa na nusu, Kariobangi, na mafundi wa jua kali walikuwa wakigonga mabati kama kawaida. Mama yule alivaa miwani nyeusi, kubwa, ingawa kibandani hamkuwa na jua hata la kuazima. Shiru aliiona miwani hiyo, akajikaza asiitazame sana. Alisomea maendeleo ya jamii chuo kikuu. Kutengeneza simu kulikuwa kwa muda tu, na huu ulikuwa mwaka wa tatu.

"Karibu, Mama. Unaitwa nani?"

"Nasambu. Kwetu ni Bungoma, lakini sasa niko Lucky Summer. Amenipangia chumba."

"Nani?"

Nasambu akaelekeza kidole kwenye leso.

Chege, muuza vifuniko vya simu wa kibanda cha pili, akachungulia. "Shosho, hata mimi kuna mtu sitaki anione. Pasta."

"Chege, rudi kwako," akasema Shiru.

Shida yenyewe haikuwa ngumu. Programu ya kupiga iliyokuja na simu hiyo ilikuwa na tabia moja: ukipokea tu, picha inafunguka pande zote mbili. Simu ilinunuliwa na mwanamume huyo, jina lake Makokha. Alinunua mbili zinazofanana, moja akabaki nayo. Alipiga kila siku saa kumi kamili, kuuliza kama Nasambu amekula na kama ametumia dawa.

"Na hawezi kuizima hiyo picha?"

"Hajui. Yeye ni mtu wa kiwandani, si fundi. Nimeambiwa kuna programu nyingine, ya sauti tupu. Niwekee hiyo, halafu uiambie simu itumie hiyo siku zote bila kuniuliza. Mimi na kubonyeza-bonyeza hatupatani."

"Tunaweza pia kumfungia, Mama. Asikupigie tena kabisa."

"Usithubutu!" Nasambu akashika ukingo wa meza. "Nisipopokea, anakuja. Juzi nilipitiwa na usingizi. Alitoka kazini mbio, akasimama mlangoni akiniita mpaka majirani wakatoka nje. Alitaka kuuvunja mlango."

"Ukamfungulia?"

"Nimfungulie? Nilimjibu nikiwa ndani, mpaka akaenda."

Shiru akaanza kupakua programu ya sauti. Mtandao ulikuwa unatembea kwa magoti. Asilimia kumi na mbili. Akachukua simu yake mwenyewe na, chini ya meza, akatafuta nambari ya dawati la jinsia la kituo cha polisi.

"Una watoto, Mama?"

"Binti mmoja. Anasema Makokha ni mtu mwema."

Shiru aliyasoma hayo chuoni. Mara nyingi jamaa ndio huwa wa kwanza kumtetea mtu wa namna hiyo.

"Na wewe unasemaje?"

Nasambu akairekebisha miwani yake. "Tuliahidiana zamani, mbele ya wazee. Mimi sitamtazama usoni, na yeye hatanitazama. Mpaka leo sijui hata pua yake imekaaje." Akashusha sauti. "Lakini nisikudanganye, mwanangu. Natamani kumwona, hata mara moja tu. Tangu juzi natamani mpaka chakula hakipiti."

Hilo pia lilikuwa vitabuni. Sura ya saba.

"Ahadi ya aina hiyo inaweza kuvunjwa, Mama," Shiru akasema kwa upole. "Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

Asilimia sitini. Shiru alifungua mipangilio ili iwe tayari, akaona orodha: programu ya kupiga, ya ujumbe, ya kufungulia mtandao. Zote zilikuwa zile zilizotoka kiwandani na simu. Hakuna aliyewahi kumwuliza mama huyu anataka nini. Jambo hilo lilimuuma Shiru kuliko alivyotarajia.

Asilimia themanini na nane. Simu ikalia.

"Saa kumi," akasema Nasambu.

"Bado haijamaliza! Iache ilie."

"Nikiiacha atatoka kazini tena, na safari hii watamfukuza. Pokea, mwanangu. Nishikie tu."

Shiru akaiinua simu. Sentensi yake alikuwa amekwisha kuiandaa: Bwana Makokha, mimi ni Shiru, nambari yako ninayo, na polisi wataipata leo. Chege alikuwa amerudi, amesimama nyuma yake na bisibisi mkononi, endapo itahitajika.

"Niko hapa, Mama," akasema Shiru. "Hatakufanya kitu."

Akabonyeza. Nasambu akavua miwani ili afute jasho. Shiru akatafuta alama ya ngumi usoni mwake. Hapakuwa na alama yoyote.

Picha ikafunguka. Mwanamume wa makamo, aliyevaa ovaroli, alijaa kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtu aliyeingiwa na sabuni.

"Mama," akasema mwanamume huyo, "mke wangu hajalala kwa kukuwaza. Daktari naye ananiuliza. Tangu juzi walipokutoa bandeji machoni, unaona?"

"Naona vizuri kabisa, mkwe wangu," akajibu Nasambu, uso wake ukiwa karibu kugusa kioo, macho yote mawili ameyafumba.